Mabakuli Kumi na Mawili ya Kuoshea Miguu

Wiki iliyopita mwalimu wenu wa useremala alinialika karakana ya chuo hapo Lanet, pembeni mwa Nakuru, nione kazi zenu. Nilipita kati ya meza, mikono nyuma, kama mzee yeyote anayejifanya mkaguzi. Karibu na mashine ya kukereza, kijana mmoja mwenye kofia nyekundu aliinua kipande cha mti wa mukima, akakipima uzito kwa kiganja, akamwambia mwenzake, "Wachana na hiyo, bro. Hiyo ni ya Barnaba." Mkacheka wote, isipokuwa msichana mmoja aliyekuwa anapiga msasa kule dirishani. Nami nikacheka.

Kicheko hicho hakijanitoka tumboni hadi leo. Maana ya msemo huo mnaijua: mbao ya Barnaba ni mbao mbichi, mbao ya fundi asiyejua kungoja. Mnausema Lanet, wanausema karakana za mjini, na niliwahi kuusikia hata Naivasha kwa fundi wa vitanda ambaye hajawahi kuonana na Barnaba yeyote. Nilimuuliza aliutoa wapi, akaniambia ndivyo watu husema. Basi leo nitawaambia ulikotoka. Ulitoka kinywani mwangu.

Mwalimu ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu namna ya kupaka bakuli la mbao lidumu na maji. Nitaandika, kwa sababu niliahidi, na kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya miaka thelathini na miwili. Lakini kila ninachokijua kuhusu upakaji nilifundishwa na huyo mtu mnayemcheka, kwa hiyo mtanivumilia. Hamtapata moja bila la pili.

Baba yangu alitoka Vihiga akaja Nakuru kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alitaka niwe karani. Hesabu zilinikataa mapema, na nilipofika miaka ishirini na mbili nilikuwa bado nakula ugali wake huku nikimpa maoni kuhusu siasa. Akanipeleka kwa Mama Wambui, mjane aliyeachiwa na mumewe karakana nyuma ya stesheni. Pale walikereza mabakuli, vigoda na vinara vya mishumaa vya kuuzia mahoteli na maduka ya wageni. Mama Wambui alinitazama mikono, akasema haijawahi kufanya kazi, akanipa msasa.

Barnaba ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Kwao ni Olenguruone, kule juu kwenye baridi, na alikuwa na umri wa kama miaka arobaini wakati ule. Yeye ndiye aliyechagua miti, akaipasua, akaikausha, akaikereza. Alikuwa mrefu, mkimya, na Kiswahili chake kilikuwa kizito. Alikitoa neno moja moja, na kabla hajamaliza sentensi sisi wengine tulikuwa tumeshaimalizia kwa mzaha. Mimi nilikuwa na mdomo. Ningeweza kumfanya mteja aliyekuja kuulizia kijiko aondoke na bakuli la matunda na shukrani juu yake. Likumbukeni hilo la mdomo, kwa maana ndilo lililofanya uharibifu wote.

Mwezi wangu wa kwanza wa kupaka nilikaribia kuichoma karakana. Nilikuwa nimefuta mafuta ya linsidi, yale ya kupakia mbao, kwa matambara, nikayakunja vizuri, nikayashindilia kwenye mkebe chini ya meza nikijiona mtu msafi. Baada ya chakula cha mchana Barnaba aliinua kichwa, akanusa hewa, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Mkebe ulikuwa unatoa moshi wenyewe, bila kiberiti, bila makaa. Aliubeba kwa mikono mitupu hadi uani akaumwagia maji, na vidole vyake vikafanya malengelenge. Mama Wambui alipotoka ofisini akiuliza moshi ni wa nini, Barnaba alimwambia, "Ni matambara, Mama. Tulisahau. Tumeyatoa."

Tulisahau, alisema. Yeye hakuwa amesahau kitu.

Shikeni hapo somo la kwanza. Tambara lenye mafuta ya linsidi hujipasha moto lenyewe likikunjwa. Litandaze kwenye ua au kwenye seng'enge, moja moja, likauke mpaka liwe gumu kama kipande cha samaki mkavu, ndipo ulitupe. Kila siku ya kazi niliyatandaza yangu kwenye ua wa Mama Wambui, na wapita njia wakadhani tunafua nguo za maskini fulani.

Sasa bakuli lenyewe. Watu wengi hudhani kupaka ni kuongeza. Barnaba alinifundisha kwamba kupaka ni kufuta. Kwanza unapiga msasa mpaka uchoke, halafu unapitisha kitambaa chenye maji kidogo. Nyuzi za mbao zitasimama. Ziache zikauke, kisha uzilaze tena kwa msasa laini. Ukiruka hatua hiyo, maji ya kwanza ya mteja ndiyo yatakayozisimamisha, na bakuli litakuwa na ndevu. Mkono wa kwanza wa mafuta uchanganywe na tapentaini, nusu kwa nusu, uwe mwepesi uingie ndani. Ngoja muda wa kunywa chai. Halafu futa yote, yote kabisa, mpaka uone kama umejidanganya na hujapaka kitu. Kinachobaki juu hakilindi mbao, kinanata tu na kukusanya uchafu.

Mkono wa pili na wa tatu ni hivyo hivyo, na siku nzima au mbili katikati. Bakuli la kukaa na maji tulilipa mikono sita, ya mwisho tukiongeza vanishi kidogo ndani ya mafuta. Paka chini pia, pale kwenye kitako, ambapo fundi mvivu huona hakuna atakayechungulia. Maji huchungulia. Na msitumie mafuta ya kupikia. Mama mmoja wa mtaa wa Section 58 alilipaka bakuli lake mafuta ya kupikia kila Jumapili, na alipotuletea lilikuwa linanuka kama sufuria iliyosahauliwa, na panya walikuwa wameshaonja ukingo.

Lakini kubwa kuliko yote ni pua. Mafuta haya hayakauki kama nguo. Nguo hukauka kwa kutoa maji. Mafuta hukauka kwa kula hewa, polepole, mpaka yageuke kuwa kitu kigumu ndani ya mbao. Kidole kitakudanganya, kwa sababu juu hukauka kabla ya ndani. Barnaba alikuwa analiinua bakuli, anaingiza pua na nusu ya uso, anafumba macho, anavuta pumzi. Likinuka mafuta, analirudisha rafuni bila kusema kitu. Lisiponuka ila mbao, analiweka mezani. Wakati mwingine lilirudi rafuni wiki nne mfululizo, na Mama Wambui akanung'unika, naye akaendelea kunusa.

Mimi sikupenda kungoja. Mimi nilipenda mng'ao. Nilijifunza kuweka vanishi mkono wa mwisho mpaka ukiinama juu ya bakuli unajiona meno, na wenzangu wakanipa jina la Kioo. Nililivaa jina hilo kama suti. Adui yangu alikuwa vumbi. Siku hizi ziwa letu la Nakuru limejaa hadi limemeza barabara, lakini miaka ile mwezi wa pili upepo ulikuwa unatuletea vumbi jeupe kutoka kwenye fukwe zilizokauka, laini kama unga, na punje tatu tu zikitua kwenye vanishi mbichi kazi imeharibika. Nilikuwa nagombana na kila aliyeacha mlango wazi.

Barnaba alikuwa shemasi katika kanisa lao. Kanisa la wazazi wangu halina desturi hiyo, lakini kwao, kila baada ya miezi mitatu, kabla ya Meza ya Bwana, watu huoshana miguu wawili wawili, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Ukiwa na neno moyoni juu ya mwenzako, hapo ndipo mahali pa kulisema. Walikuwa wakitumia beseni za plastiki. Basi wazee wa kanisa wakaamua kwamba kwa mkutano wao mkubwa wa Nakuru wapate mabakuli ya mbao, kumi na mawili, mapana, na Barnaba ndiye aliyeileta kazi hiyo karakana. Sikuwahi kumwona mtu akifurahia kazi vile. Alichagua jakaranda aliyoikausha miaka miwili chini ya mabati yake mwenyewe. Alikereza mabakuli yote, kuta zake zikiwa sawa pande zote, akanikabidhi wiki tano kabla ya mkutano. Halafu akaenda Olenguruone kumzika mama mkwe wake, na mambo ya shamba la marehemu yakamshika huko. Aliniambia jambo moja tu kabla ya kuondoka: yasipelekwe kabla hajarudi kuyanusa.

Wiki tano zilitosha. Lakini hoteli moja ilikuwa imetuomba vinara vya ukumbini, kazi ya kuonekana, na meneja alikuwa amenisifu kwa jina. Nikaweka mabakuli ya kanisa pembeni, nikajiambia kesho. Kesho zikawa wiki tatu na nusu. Nilipoanza kuyapaka nilikuwa na siku kumi na moja, na upepo wa vumbi ulikuwa umeanza.

Nikafunga dirisha la chumba cha kupakia. Nikaziba nyufa za mlango kwa magunia. Nikayafunika mabakuli kwa karatasi ya plastiki, kila moja na yake, ili hata punje moja isitue. Mafuta yanayokula hewa nikayafungia mbali na hewa. Nilikuwa najua. Msifikiri sikujua, nilikuwa nimefundishwa miaka sita. Ila juu yalikuwa yanakauka kwa kidole, na mimi nilikuwa nataka kuona meno yangu. Siku ya tisa niliyamwagia vanishi nzito juu ya mafuta ambayo ndani yalikuwa bado mabichi, na yakang'aa jinsi sijawahi kuona kitu cha mbao kiking'aa. Mama Wambui aliita majirani waje watazame. Alhamisi nikayapeleka kanisani mwenyewe.

Ijumaa Barnaba alirudi, akakuta rafu tupu. Aliniuliza kama nilinusa. Nikamwambia nilinusa.

Yaliyotokea Jumamosi sikuyaona, niliyasikia Jumatatu kwa mzee wa kanisa aliyekuja na mabakuli ndani ya magunia mawili. Wao hutumia maji ya uvuguvugu, kwa heshima ya wazee. Maji ya uvuguvugu yalipokaa dakika chache vanishi ikawa nyeupe, halafu laini, halafu ikaanza kubanduka vipande vipande na kushika kwenye miguu. Taulo nyeupe zikawa kahawia. Mzee mmoja mwenye heshima zake alitoka ibadani nyayo zake ziking'aa kuliko viatu vyake. Wengine walikaa na magamba katikati ya vidole mpaka Jumapili. Mzee wa kanisa alikuwa analieleza hilo kwa huzuni kubwa, na wafanyakazi wote tisa tulikuwa tunajiuma midomo tusicheke. Barnaba peke yake hakuwa na haja ya kujizuia. Yeye ndiye aliyekuwa amebeba mabakuli hayo kutoka mtu hadi mtu, mbele ya kanisa lake lote, akipiga magoti.

Mama Wambui aliuliza ni nini kimetokea. Nikawahi kujibu. Kama ningengoja hata muda wa kupumua mara mbili, labda ningesema kweli, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kufika kabla yangu.

"Mama, vanishi haina shida," nikamwambia. "Hii mbao ilikuwa mbichi. Ukipaka mbao mbichi, maji ya ndani lazima yatoke, na yakitoka yanasukuma kila kitu."

Ulikuwa uongo mzuri. Ulikuwa na harufu ya ufundi. Barnaba alichukua bakuli moja kwenye gunia, akaingiza uso ndani, akafumba macho. Alipoyafungua alinitazama mimi, na nikajua kwamba amejua kila kitu: dirisha, plastiki, wiki tatu na nusu. Nilingoja aseme.

"Hii mbao ni kavu," akasema. "Niliikausha miaka mbili."

Basi. Hakuwa na maneno mengine, au alikuwa nayo na hayakuwahi. Mama Wambui akanigeukia. Nikasema, "Labda aliikausha kwa ndoto."

Wote wakacheka. Mzee wa kanisa pia alitabasamu, na ikawa imekwisha. Mnaonaje? Ufundi wa miaka ishirini uliangushwa kwa mzaha mmoja. Saa saba tulienda kibandani kula, githeri ikaja na maji mengi, nikasema hii githeri ni mbao ya Barnaba. Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Kesho yake mvua ilimnyeshea mtu wa mikokoteni, na mtu mwingine akamwita mbao ya Barnaba, na tangu hapo neno hilo halikuwa langu tena. Lilienda lenyewe.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo ningeweza kusema nilikuwa kijana na mdomo uliponyoka. Lakini kuna lililobaki, na hilo sikulifanya kwa mdomo.

Bakuli lililokerezwa likiwa bichi halibaki duara. Likikauka hujivuta upande mmoja likawa yai, na mara nyingi hupasuka ukingoni. Huhitaji kuwa fundi kulijua hilo. Chukua rula, pima mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Mama Wambui alikuwa na rafiki wa marehemu mumewe, mzee aliyewahi kufanya kazi ya ukaguzi wa mbao, naye alisema angekuja Jumatano kuyatazama. Mabakuli yalikuwa duara kama yalivyotoka kwenye mashine. Nilikuwa nimeyapima. Jumanne mchana, Mama Wambui akiwa benki, nilichukua shoka nikayapasua, nikampelekea mama wa kibanda aongeze kwenye moto wa chai. Nikasema nilidhani ni takataka. Yalikuwa kumi na moja. La kumi na mbili sikuliona, nikajiambia nimekosea kuhesabu.

Jakaranda iliyokaushwa miaka miwili huwaka vizuri sana, bila moshi. Nilikunywa hiyo chai.

Barnaba aliondolewa kwenye kuchagua mbao. Kanisani, nilisikia, hakuitwa tena kuhudumu kwenye mkutano mkubwa. Alikaa mwezi mmoja, halafu akafunga patasi zake kwenye kitambaa, akatuaga mmoja mmoja. Aliponifikia alinipa mkono, vidole vyake bado na alama za ule mkebe.

"Kioo," akaniambia, "fungua dirisha."

Nikalifungua. Tangu siku hiyo sijawahi kupaka bakuli dirisha likiwa limefungwa, na hakuna kazi yangu iliyorudi. Mwezi wa vumbi nilitundika wavu mwembamba, na punje zikitua nilizipiga msasa nikarudia. Nilinusa kila bakuli kama alivyonusa yeye. Mama Wambui akanifanya mkuu wa karakana, akawaambia wateja kwamba Kioo ana subira. Nilikuwa naitikia asante.

Mtaniambia siku hizi hayo yote yamepitwa, mna laka ya mikebe miwili ya kuchanganya na kupuliza kwa mashine, inakauka kabla hujamaliza soda. Sawa. Nimeitumia, ni nzuri, vaeni barakoa na msipulize mahali ambapo kuna jiko. Lakini hata hiyo, ukiiweka juu ya kitu ambacho hakijakauka chini, itabanduka. Hakuna mkebe uliowahi kutengenezwa wa kufunika haraka ya mtu.

Mwaka jana, baada ya kustaafu, nilipata namba ya Barnaba kwa mwanawe anayeleta viazi sokoni. Nilipiga simu mara mbili nikakata. Mara ya tatu alipokea yeye. Hakuuliza ninataka nini. Alisema nije Jumamosi, siku hiyo wangeoshana miguu, na kama sina mtu tungeoshana sisi.

Nilipanda Olenguruone na sweta mbili na bado nikasikia baridi. Amezeeka, anatembea na fimbo, mgongo umejikunja. Wanaume tuliingia chumba cha pembeni, kukiwa na beseni za bluu zimepangwa ukutani. Barnaba hakuchukua beseni. Alifungua mfuko wa kitambaa akatoa bakuli la jakaranda.

Lilikuwa la kumi na mbili. Alikuwa amelikwangua vanishi yangu yote, akalipaka upya kwa mafuta, polepole, kama inavyopasa. Limekuwa likishika maji miaka ishirini na kitu. Nilipitisha kidole gumba ukingoni, nikazunguka mara moja, halafu mara nyingine. Halikuwa na ufa. Lilikuwa duara.

Nikapiga magoti, nikamimina maji ya uvuguvugu, nikaosha miguu yake, na huku nikiosha nikamwambia yote. Nilimwambia la vinara, la plastiki, la kunusa, la shoka. Niliongea kwa sauti ya chini kwa sababu kulikuwa na watu kando yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, akitafuta neno moja moja kama zamani, nami mara hii sikumkatiza.

"Nimekusikia. Kusamehe nilisamehe kitambo, singeweza kukaa na hiyo kitu. Lakini ulinisema watu wote wakisikia. Mbona hii unaniambia chini chini?"

Maji yalikuwa yanapoa mikononi mwangu.

"Niko na mjukuu," akaendelea. "Msichana. Anapenda mbao kuliko mimi. Anataka kwenda kusomea hiyo kazi huko Nakuru. Aliniuliza akiulizwa nani alimfundisha, aseme nani."

Nilimwahidi nitasema. Nilimwahidi nikiwa nimeshika mguu wake. Halafu nikashuka Nakuru, mwezi ukapita, mwaka ukapita, na kila nilipotaka kusema niliona afadhali ningoje nafasi nzuri. Mimi niliyeshindwa kungoja siku ishirini mafuta yakauke, nimeweza kungoja mwaka mzima kusema kweli.

Mpaka wiki iliyopita, kijana wa kofia nyekundu akasema neno lake, nami nikacheka pamoja nanyi, kwa mazoea. Nilipokuwa bado nacheka nilitupa macho dirishani. Yule msichana aliyekuwa anapiga msasa alikuwa ameweka msasa chini. Aliliinua bakuli lake, akaingiza pua na nusu ya uso ndani, akafumba macho, akavuta pumzi. Kisha akalirudisha rafuni bila kusema kitu.

Sikumwendea. Nina aibu kuandika hilo kuliko la shoka. Nilimshukuru mwalimu kwa chai nikaondoka.

Kwa hiyo, mwalimu, naomba usiwagawie karatasi hizi kila mtu ajisomee kimoyomoyo. Zima mashine, simama katikati ya karakana, usome kwa sauti, na jina langu ulitaje. Nikithubutu kusimama mbele yenu nitakuja nizisome mwenyewe. Wewe wa kofia nyekundu, sina ugomvi nawe; neno ulilikuta likitembea. Na wewe wa dirishani, ukiulizwa nani alikufundisha, sema.

Mbao za Barnaba zilikuwa kavu. Dirisha nililifunga mimi.